Jimbo Lisilo na Mbunge Wake: Historia ya Kura katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Utangulizi

Katika somo la tafsiri la mwaka wa tatu huwa ninawapa wanafunzi matini fupi za Kireno, kwa kuwa jirani zetu wa kusini ya Mto Ruvuma huandika kwa lugha hiyo. Muhula mmoja matini ilihusu uchaguzi wa Msumbiji. Mwanafunzi mmoja, kijana wa Mtwara mwenye ndugu ng'ambo ya mto, aliandika hivi: "Wananchi wa Palma walimpigia kura mbunge wa jimbo lao." Sentensi ilikuwa fasaha, haina kosa la sarufi, nami nilikwisha kuitia alama ya vyema. Niliporudi kwenye matini ya Kireno ndipo nilipogundua kwamba hakuna mahali palipotajwa mbunge wa Palma. Isingewezekana atajwe, kwa sababu Palma haina mbunge wake na haijawahi kuwa naye.

Kosa halikuwa la kijana yule. Lilikuwa langu. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kwamba maneno ya Kireno *círculo eleitoral* maana yake ni "jimbo la uchaguzi", basi. Msomaji wa Kiswahili akiona neno "jimbo" haraka huona mtu: mheshimiwa fulani, mwenye ofisi mjini, anayeombwa mchango wa harusi na kulaumiwa barabara ikiharibika. Nchini Msumbiji mtu huyo hayupo. Makala hii fupi inajaribu kueleza kwa nini hayupo, na wananchi wa pwani ya kaskazini ya mkoa wa Cabo Delgado, hususan wilaya za Mocímboa da Praia na Palma, wamepiga kura za namna gani tangu uhuru. Nia yangu si kuhukumu chama chochote. Ninataka sisi walimu wa Kiswahili tujue tunachokisema tunapotafsiri.

Pwani, nyanda za juu na lugha moja

Ndugu msomaji, tuanze na watu wenyewe. Ukivuka Ruvuma kutoka Mtwara unaingia wilaya ya Palma. Humo umo mji mdogo wa Quionga, ambao Wajerumani waliushika mwaka 1894, Wareno wakauchukua mwaka 1916 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mkataba wa mwaka 1919 ukauacha mikononi mwao. Huko Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Kusini yake kuna wasemaji wa Kimakwe, na kuanzia Mocímboa da Praia kwenda kisiwa cha Ibo kuna Kimwani, lugha iliyo jamaa ya karibu ya Kiswahili. Katika Hifadhi ya Nyaraka za Historia mjini Maputo zimo barua za karne ya 19 zilizoandikwa kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ambazo watawala wa pwani hii waliwapelekea maofisa wa Kireno. Kwa hiyo siasa ziliandikwa kwa Kiswahili huko zamani kabla ya sanduku la kura kufika.

Magharibi ya pwani ardhi inapanda kwenda nyanda za juu za Mueda, kwa Wamakonde. Nao wengi wanakijua Kiswahili, ila walikipata kwa njia nyingine. Wengi walikwenda Tanganyika kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na baadaye katika kambi na shule za FRELIMO upande wa Tanzania. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kwa kuunganisha vyama vitatu, kimojawapo kikiwa MANU, ambacho wafuasi wake wengi walikuwa Wamakonde waliokuwa wakiishi Afrika Mashariki. Vita vya ukombozi vilianza tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, katika mkoa huu huu, na nyanda za juu zikawa ngome yake.

Hivyo basi, lugha moja inabeba kumbukumbu mbili. Kwa mzee wa pwani, Kiswahili kinakumbusha jahazi, biashara, chuo cha Kurani na Unguja. Kwa mzee wa Mueda, kinakumbusha mkonge, kambi na bunduki. Tofauti hii imo ndani ya historia ya kura tunayotaka kuisimulia. Hata hivyo tusiichukulie kuwa ukuta. Wamo Wamwani waliojiunga na FRELIMO mapema, na familia za pwani na za nyanda za juu zimeoleana kwa vizazi.

Kura ya kunyoosha mkono, 1977 na 1986

Neno letu "kura" limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kupiga bahati nasibu ili kupata mtu au fungu. Uchaguzi wa kwanza baada ya uhuru wa mwaka 1975 haukuwa bahati nasibu, wala haukuwa kura ya siri. Mwaka 1977 wananchi walikusanywa katika mikutano ya vijiji, vitongoji na sehemu za kazi kuchagua wajumbe wa mabaraza ya wananchi. Majina yaliletwa mbele ya mkutano, kila mtu akaruhusiwa kusema analolijua juu ya mtu huyo, kisha mikono ikanyooshwa. Mabaraza ya ngazi za juu yalichaguliwa na wajumbe wa ngazi za chini. Wajumbe 226 wa Bunge la Wananchi walitoka katika orodha iliyopendekezwa na uongozi wa chama, kisha ikathibitishwa na mabaraza ya mikoa.

Wako waliosifu utaratibu huu, na sifa nyingine zilistahili. Kwa mara ya kwanza mkulima na mvuvi waliweza kusimama hadharani na kumkataa mtu aliyewaonea. Mamia ya watu walikataliwa nchi nzima, wengi kwa sababu walikuwa wametumikia utawala wa kikoloni. Lakini zipo sababu nyingine zilizotumika, na mojawapo ilikuwa kuwa na wake zaidi ya mmoja. Msomaji wa pwani ataelewa mara moja uzito wa jambo hilo. Katika mji wa Waislamu, watu wazima wanaoheshimiwa, wenye majahazi, mashehe na wazee wa mitaa, wengi wangeanguka kwa kigezo hicho hata kama jirani zao waliwataka. Uchaguzi wa pili wa namna hii ulifanyika mwaka 1986, nchi ikiwa katika vita baina ya serikali na RENAMO.

Sanduku la siri na meza ya kura, 1994

Katiba ya mwaka 1990 iliruhusu vyama vingi, na mkataba wa amani uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992 ulimaliza vita. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulifanyika kuanzia tarehe 27 hadi 29 Oktoba 1994, chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa. Karibu asilimia 88 ya waliojiandikisha walijitokeza. Joaquim Chissano wa FRELIMO alipata asilimia 53 ya kura za urais na Afonso Dhlakama wa RENAMO asilimia 34 hivi. Bungeni FRELIMO ilipata viti 129, RENAMO 112, na muungano mdogo wa União Democrática viti 9.

Viti hivyo 9 vina somo kwa mwalimu wa lugha. Muungano huo haukuwa na nguvu ya kutisha popote. Maelezo yanayotolewa na wengi ni kwamba katika karatasi ya urais jina la Chissano lilikuwa la mwisho chini, na katika karatasi ya ubunge nafasi hiyo ya mwisho ilikuwa ya muungano huo. Wapiga kura walioambiwa "weka alama chini kabisa" walifanya hivyo mara mbili. Tukumbuke kwamba karatasi ziliandikwa kwa Kireno, lugha ambayo mamilioni hawakuisoma. Waliosaidia zaidi ni picha na alama: ngoma na gunzi la mahindi la FRELIMO, na ndege kwale wa RENAMO. Asiyejua kuandika aliruhusiwa kuweka dole gumba.

Jambo lingine litawafurahisha wanafunzi wa historia ya maneno. Kituo cha kupigia kura huitwa kwa Kireno *mesa de voto*, yaani meza ya kura. Neno "meza" tulilipokea kutoka kwa Wareno karne nyingi zilizopita. Mzee wa Palma aliyekwenda kupiga kura mwaka 1994 hakuhitaji mkalimani kwa neno hilo. Yaliyobaki yote yalimhitaji.

Sasa tufike kwenye kiini. Wabunge wa Msumbiji huchaguliwa kwa uwiano wa kura za vyama, na eneo la uchaguzi ni mkoa mzima. Mpiga kura wa Mocímboa da Praia hachagui mtu. Anachagua chama, na chama kina orodha ya majina iliyopangwa tayari. Cabo Delgado yenye wilaya 17 na, kwa sensa ya mwaka 2017, watu zaidi ya milioni 2.3, ni duara moja. Mwaka 2019 duara hilo lilikuwa na viti 23. Kura za pwani humiminwa katika pipa moja na kura za Mueda, Montepuez, Chiúre na Pemba. Chama kinachopendwa katika miji miwili ya ufukweni kinaweza kuambulia kiti kimoja au viwili vya mkoa, na aliyekaa katika kiti hicho akawa hajawahi kulala usiku mmoja Palma.

Mfumo huu una faida zake. Unazuia chama chenye nusu ya kura kuchukua viti vyote, na baada ya vita ulikipa kila upande nafasi bungeni. Lakini unaacha swali: mwananchi wa pwani akiwa na shida, ni nani aliyemchagua yeye kwa jina anayeweza kumwendea? Mkuu wa wilaya huteuliwa. Gavana wa mkoa aliteuliwa na rais mpaka mwaka 2019. Mamlaka za kijamii, yaani machifu na makatibu wa mitaa zilizotambuliwa kwa amri ya serikali ya mwaka 2000, hazitokani na sanduku la kura. Kwetu Tanzania pia mkuu wa wilaya huteuliwa, lakini tuna mbunge wa jimbo na diwani wa kata. Ng'ambo ya mto nafasi hizo hazipo.

Sheria mbili za serikali za mitaa

Ilibaki kidogo hali iwe tofauti. Mwezi Septemba 1994, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, bunge la chama kimoja lililokuwa linamaliza muda wake lilipitisha sheria namba 3/94 kuhusu wilaya za kimanispaa. Sheria hiyo ilikusudia kwamba miji na hata wilaya za vijijini zingekuja kuchagua viongozi wao. Kama ingetekelezwa, Palma, Nangade na Macomia zingepata siku yao.

Haikutekelezwa. Katiba ilirekebishwa mwaka 1996, na sheria namba 2/97 ikaja na mpango mwingine: manispaa zianzishwe hatua kwa hatua, katika majiji na miji midogo iliyoteuliwa. Mwaka 1998 zilianza manispaa 33 nchi nzima. Katika Cabo Delgado zilikuwa tatu, yaani Pemba, Montepuez na Mocímboa da Praia. Mueda iliongezwa mwaka 2008 na Chiúre mwaka 2013. Wakazi wengine wa pwani ya kaskazini waliendelea kuwa chini ya mkuu wa wilaya aliyeteuliwa.

Hapo ndipo Mocímboa da Praia ilipopata uzito usiolingana na ukubwa wake. Katika ukanda mzima kutoka Ruvuma hadi karibu na Pemba, ilikuwa mahali pekee ambapo mtu wa kawaida aliweza kuweka alama mbele ya jina la mtu anayemfahamu, na mtu huyo akawa mkubwa wa mji.

Mocímboa da Praia, 1998 hadi 2005

Uchaguzi wa kwanza wa manispaa, mwaka 1998, ulipita kimya. RENAMO iliususia, na nchi nzima waliopiga kura hawakufika hata mtu mmoja kati ya sita. FRELIMO ilishinda katika manispaa zote 33.

Mwaka 2003 mambo yalibadilika. RENAMO iliingia ulingoni na kuchukua Beira, Nacala, Kisiwa cha Msumbiji na Angoche, pamoja na umeya wa Marromeu. Ukitoa Marromeu, yote hayo ni maeneo ya pwani. Mocímboa da Praia ilibaki kwa FRELIMO, lakini baada ya kinyang'anyiro kikali. Watafiti waliofanya kazi katika mji huo wanaeleza kwamba watu wengi wa pwani, hasa Wamwani, waliipa RENAMO kura zao si kwa sababu ya sera zake, bali kwa kuiona FRELIMO kama chama cha nyanda za juu. Walilalamika kwamba vyeo, kazi na mafao ya wapigania uhuru vilikwenda kwa wengine, ilhali wao wakihesabiwa kama watu waliokaa pembeni wakati wa vita. Wamakonde waliohamia mjini nao walikuwa na hoja yao: nchi hii tuliikomboa sisi kwa damu, inakuwaje mji wetu ukabidhiwe kwa wapinzani?

Baadaye meya alifariki dunia, na uchaguzi mdogo ukafanyika tarehe 21 Mei 2005. Siku hiyo hapakuwa na kura nyingine popote nchini ya kugawa macho ya watu, na vyama vyote viwili viliuelekea mji huu mdogo kwa nguvu zao zote. Mgombea wa FRELIMO, Amadeu Pedro, alitangazwa mshindi kwa tofauti ndogo dhidi ya Saíde Assane wa RENAMO. RENAMO ilidai kura zimeibwa, na vyombo vya uchaguzi vikathibitisha matokeo.

Miezi ilipita bila suluhu. Mwanzoni mwa Septemba 2005 wafuasi wa RENAMO walimsimika mgombea wao kama meya wa upande wao, mji mmoja ukawa na mameya wawili. Ghasia zikazuka. Watu waliuawa, makumi walijeruhiwa, nyumba zilichomwa na familia zikakimbia. Jambo lililowaumiza wenyeji zaidi ni namna ugomvi wa vyama ulivyogeuka haraka kuwa ugomvi wa Wamwani na Wamakonde, jirani kwa jirani. Polisi walituliza mji, na watu kadhaa wakakamatwa.

Kwa nini umeya wa mji mdogo uzae maafa kama hayo, wakati ushindi wa urais wa asilimia zaidi ya 60 mwaka mmoja nyuma, Desemba 2004, haukuwasha moto wa namna ile mjini humo? Jibu langu linatokana na yale tuliyoyaeleza juu ya jimbo. Katika uchaguzi mkuu kura ya Mocímboa huyeyuka ndani ya mkoa. Ukishinda hupati mtu wako, ukishindwa humwoni aliyekushinda. Kura ya umeya ilikuwa ya karibu. Kila mtaa ulijua nani kamchagua nani, na kila mtu aliweza kuhesabu. Sauti yote ya wilaya nzima na ya miaka mingi ililazimika kupita katika tundu hilo moja dogo. Watu walipoacha kuliamini tundu hilo, hawakuwa na lingine.

Sisemi kwamba mfumo wa uchaguzi ulimshika mtu mkono akachoma nyumba ya jirani yake. Aliyechoma alichoma mwenyewe. Ninasema tu kwamba mahali penye milango mingi, mlango mmoja ukifungwa watu hujaribu mwingine.

Baada ya hapo

Mwaka 2008 FRELIMO ilichukua manispaa 42 kati ya 43, ikiwamo Mocímboa da Praia. Mwaka 2013 RENAMO ilisusia tena, na waliozoea kuipa kura walibaki nyumbani au wakachagua chama kipya cha MDM. Chama hicho nacho kilikuwa kimezuiwa kushiriki uchaguzi wa bunge wa mwaka 2009 katika mikoa mingi, Cabo Delgado ikiwamo. Mwaka huo huo wa 2009 palichaguliwa mabaraza ya mikoa kwa mara ya kwanza, na katika kura hiyo wilaya ndiyo eneo la uchaguzi. Ilikuwa hatua ya kusogea karibu na wananchi, ingawa bado huchaguliwa orodha za vyama na si watu.

Mwaka 2014 Filipe Nyusi, mzaliwa wa wilaya ya Mueda aliyesoma utotoni katika shule ya FRELIMO huko Tunduru, alichaguliwa kuwa rais. Alikuwa rais wa kwanza kutoka Cabo Delgado, naye anakisema Kiswahili. Kwa nyanda za juu ilikuwa fahari kubwa. Kwa pwani, ambako gesi asilia nyingi iligunduliwa baharini kuanzia mwaka 2010, swali la zamani lilirudi kwa sura mpya: katika utajiri huu, nani atatusemea?

Tarehe 5 Oktoba 2017 vijana wenye silaha walishambulia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia, na vita vipya vikaanza. Sababu zake ni nyingi: mivutano ya miaka kadhaa ndani ya dini, umaskini, biashara za magendo, mambo ya nje na mengineyo. Si haki kuvibebesha visanduku vya kura mzigo huo wote. Lakini watafiti hawakuacha kuona kwamba mji ule ule wa mwaka 2005 ndio ulioanzia mwaka 2017.

Uchaguzi haukukoma. Mwaka 2018 manispaa zilipiga kura kwa utaratibu mpya, ambapo meya ni yule anayeongoza orodha ya chama kilichoshinda, kwa hiyo hata karatasi ya umeya yenye jina la mtu ikaondoka. RENAMO ilishinda Chiúre, kusini mwa mkoa. Mwaka 2019 baadhi ya vituo katika wilaya zenye vita havikufunguliwa. Kwa mara ya kwanza gavana wa mkoa alitokana na kura, naye alikuwa Valige Tauabo wa FRELIMO. Mwezi Agosti 2020 wapiganaji waliuteka mji wa Mocímboa da Praia wakaushika kwa mwaka mmoja, mpaka majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipourudisha mwezi Agosti 2021. Palma nayo ilishambuliwa vikali mwezi Machi 2021. Watu zaidi ya laki saba wa mkoa huo waliyahama makazi yao. Tarehe 11 Oktoba 2023 watu wa Mocímboa da Praia, wengi wao waliorejea karibuni kwenye nyumba zilizobomoka, walipanga foleni tena kuchagua baraza la manispaa yao. FRELIMO ilitangazwa mshindi.

Palma hawakupanga foleni siku hiyo, maana si manispaa. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, kutokana na mazungumzo ya Rais Nyusi na Dhlakama, iliahidiwa kwamba mwaka 2024 wilaya zote zingechagua viongozi wao. Ahadi ya mwaka 1994 ilikuwa imerudi. Mwezi Agosti 2023 bunge liliibadilisha katiba tena na kuufuta mwaka huo, kwa hoja kwamba nchi haijawa tayari. Tarehe 9 Oktoba 2024 ulifanyika uchaguzi mkuu, ambao matokeo yake yalipingwa kwa maandamano makubwa nchi nzima. Wilaya zikabaki na wakuu wa kuteuliwa.

Hitimisho: tutafsirije?

Turudi darasani. Baada ya tukio la kijana wa Mtwara nimebadili mazoea. Mahali pa *círculo eleitoral* kwa uchaguzi wa bunge la Msumbiji sasa ninashauri tuandike "mkoa kama eneo moja la uchaguzi", hata kama ni maneno mengi. Neno "jimbo" tuliache kwa nchi ambazo lina mtu wake. Kwa *administrador* wa wilaya, "mkuu wa wilaya" linafaa sana, maana msomaji wetu anajua kwamba huyo huteuliwa. *Deputado* ni "mbunge", ila tusimwandike "mbunge wa Palma" wala "mbunge wa Mocímboa". Ni mbunge wa chama fulani kutoka Cabo Delgado.

Huenda mtu akasema haya ni mambo madogo ya istilahi. Binafsi siyaoni madogo. Sentensi ya mwanafunzi wangu iliwapa watu wa Palma kitu ambacho wameahidiwa mara mbili na kunyimwa mara mbili. Iliwapa kwa kalamu, na hivyo ikaficha kwamba hawanacho. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akiisoma atajiuliza: kama wana mbunge wao, kwa nini hawakumpelekea malalamiko? Tafsiri isiyo sahihi humfanya mlalamikaji aonekane mkaidi.

Kwa walimu watakaopenda kuitumia makala hii darasani, ninapendekeza maswali matatu ya kujadili. Kwanza, tofautisheni matumizi ya maneno "jimbo", "wilaya", "mkoa" na "manispaa" katika Tanzania Bara, Zanzibar na Msumbiji. Pili, kusanyeni maneno ya uchaguzi yenye asili ya Kiarabu, Kireno na Kibantu, na kueleza kila moja lilikuja na shughuli gani. Tatu, mwulizeni mzee yeyote aliyewahi kuishi pande zote mbili za Ruvuma anayaitaje mambo hayo, na muandike alivyosema yeye, si kama kamusi isemavyo.

Swali la tatu ndilo ninalolitegemea zaidi. Majibu yake yaletwe idarani, nasi tutayajadili pamoja.